Kuandaa keneli ya Linux ipokee kadi za nyongeza za kompyuta mpakato: PC Card, CardBus na ExpressCard

Ukichomeka kadi tunduni na kompyuta ikakaa kimya, bila taa wala ujumbe, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kadi. Nimeona kadi nzima kabisa zikitupwa kwa sababu hiyo. Mara nyingi kosa haliko kwenye kadi, bali kwenye kitu kilicho kati ya kadi na keneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa): chipu ndogo kwenye bodi mama iitwayo daraja. Keneli haizungumzi na kadi moja kwa moja. Inazungumza na daraja, daraja linaipa kadi umeme na kuiuliza jina lake, na baada ya hapo ndipo draiva ya kadi (programu inayoiendesha) huitwa. Daraja likikosa draiva, hata ukiweka draiva mia za kadi hakuna kitakachotokea.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza darajani, kisha unaifuata kadi. Utahitaji Linux yoyote, haki za root, nafasi ya diski ya gigabaiti 20 hivi na muda, kwani kwenye mashine ya zamani kujenga keneli kunaweza kula usiku mzima.

Hatua ya 1: Itambue kadi yako

Chini ya jina moja la mtaani, "kadi ya PCMCIA", kuna jamaa tatu tofauti, na keneli inazishughulikia kwa njia tofauti. Itoe kadi, ishike mkononi, iangalie.

PC Card ya biti 16 ndiyo ya kale zaidi. Ina upana wa milimita 54, urefu wa milimita 85.6 na matundu 68 ya pini. Kwa unene iko ya milimita 3.3, 5 au 10.5. Ndani yake inafanya kazi kama kadi ya ISA (njia ya zamani ya kuunganisha kadi kwenye kompyuta): inahitaji milango ya I/O ya kupitishia data, namba ya IRQ ya kumwita kichakataji na kipande cha kumbukumbu, na vyote hivyo lazima mtu avigawe.

CardBus ilikuja mwaka 1995. Ina umbo lile lile na pini 68 zile zile, ila ni ya biti 32, inatumia volti 3.3, na kwa keneli ni kadi ya PCI (njia iliyorithi ISA). Utaitambua kwa ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo, upande wa juu karibu na kiunganishi. Kidole kikipita hapo kinavihisi. Kadi ya biti 16 haina ukanda huo.

ExpressCard ni ya mwaka 2003 na ni kitu kingine kabisa, hata kwenye tundu la CardBus haiingii. Ina urefu wa milimita 75, na upana wake ni milimita 34, au 54 kwa ile yenye umbo la L. Ndani yake kuna njia moja ya PCI Express na laini ya USB 2.0, na mtengenezaji wa kadi huchagua atakayoitumia.

Usiipite hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Mtu mwenye CardBus akitafuta draiva kwenye orodha ya PCMCIA hataipata milele, kwa kuwa draiva yake iko pamoja na za PCI.

Hatua ya 2: Ihoji keneli uliyo nayo kabla ya kujenga nyingine

Huenda huna haja ya kujenga chochote. Kadi ikiwa nje ya tundu, andika:

```
lspci -nnk
```

Tafuta mstari wenye maneno "CardBus bridge" na namba ya kundi [0607]. Utakuwa kama huu:

```
02:01.0 CardBus bridge [0607]: Ricoh Co Ltd RL5c476 II [1180:0476]
        Kernel driver in use: yenta_cardbus
        Kernel modules: yenta_socket
```

Mstari wa pili ndio jibu. Ukisomeka yenta_cardbus, daraja lina draiva, basi ruka hadi hatua ya 6. Ikiwa mstari huo haupo, jaribu `sudo modprobe yenta_socket`. Moduli (kipande cha keneli kinachopakiwa kikihitajika) ikikosekana kabisa, keneli yako ilijengwa bila PC Card, jambo linalozidi kuwa la kawaida kwa sababu watunza distro (mikusanyo ya Linux iliyoandaliwa tayari) wengi wanaona hakuna anayezitumia tena.

Thibitisha hivi:

```
grep -E 'PCCARD|PCMCIA|CARDBUS|YENTA|HOTPLUG_PCI' /boot/config-$(uname -r)
```

Kama faili hilo halipo, jaribu `zcat /proc/config.gz`. Herufi y maana yake chaguo limejengwa ndani ya keneli, m ni moduli, na "is not set" maana yake limeachwa.

Kama lspci haionyeshi daraja lolote la 0607 wakati tundu unaliona kwa macho, ingia BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) kwanza. Kuna kompyuta zinazoruhusu tundu kuzimwa huko, na nyingine zina chaguo la kuliendesha kwa mtindo wa zamani wa biti 16 tu. Weka mtindo wa CardBus au wa kujichagulia wenyewe. Na kama tundu lako ni la ExpressCard, daraja hilo hutaliona kamwe, wala halipaswi kuwepo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake hapa chini.

Hatua ya 3: Pata chanzo (msimbo wa keneli), na uchague toleo kwa makini

Watu hukimbilia toleo jipya kuliko yote. Kwa kadi za biti 16 nawasihi msifanye hivyo. Ndani ya matoleo ya 6, wasimamizi wa keneli wamekuwa wakiondoa draiva za PCMCIA ambazo hazina mtunzaji: za visoma kadi mahiri, na za Wi-Fi za kizamani kama orinoco. Kujenga keneli ambayo draiva yako imeshafutwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Toleo la muda mrefu la 6.1 bado lina nyingi kati ya hizo. Mwenye CardBus au ExpressCard hana wasiwasi huo, kwa sababu draiva zake ni za PCI na hazina dalili ya kuondoka.

Kwenye Debian na jamaa zake, vifaa vya ujenzi hupatikana hivi:

```
sudo apt install build-essential libncurses-dev bison flex libssl-dev libelf-dev bc
```

Fungua kifurushi cha chanzo, ingia kwenye saraka yake, na uanze na mpangilio wa keneli unayoitumia sasa:

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
```

Hapa kuna mtego ninaotaka uuangalie kwa macho mawili. Wengi hupunguza muda wa ujenzi kwa `make localmodconfig`. Amri hiyo husoma orodha ya moduli zinazotumika wakati ule na kuziacha nje nyingine zote. Ikiwa kadi yako iko mezani badala ya kuwa tunduni, draiva yake haimo kwenye orodha, kwa hiyo inaachwa. Mimi nilijenga keneli mara mbili kwa njia hiyo, kadi ya mtandao ikiwa kwenye droo, nikashangaa kwa nini daraja linaona kadi lakini hakuna kinachoendelea. Tangu siku hiyo nachomeka kwanza kila kitu nitakachokuja kukitumia, kadi, fleshi na printa, kisha:

```
lsmod > /tmp/orodha
make LSMOD=/tmp/orodha localmodconfig
```

Na hata hivyo, kama keneli ya sasa haina PC Card kabisa, orodha hiyo haitakuwa na moduli za kadi hata ukiichomeka. Itabidi uziongeze kwa mkono, na ndiyo kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Washa chaguo za daraja

Andika `make menuconfig`. Kwenye matoleo ya sasa ingia Device Drivers, kisha "PCCard (PCMCIA/CardBus) support". Kwenye matoleo ya kabla ya 5.0 menyu hiyo ilikuwa chini ya Bus options, pamoja na PCI. Ukipotea, bonyeza alama ya mkwaju, /, uandike YENTA, nayo itakuonyesha njia.

PCCARD ndiyo mlango wa nyumba nzima. Iweke m.

PCMCIA ni kwa kadi za biti 16. Kama una CardBus peke yake unaweza kuiacha, ila mimi naiweka m siku zote. Ni ndogo, na siku utakapookota kadi ya modemu ya zamani au kibadilishi cha CompactFlash utaihitaji.

PCMCIA_LOAD_CIS iwashe. Kila kadi ya biti 16 hubeba jedwali la kujitambulisha liitwalo CIS, na baadhi ya kadi zilitoka kiwandani jedwali likiwa na makosa. Chaguo hili linaruhusu keneli ipakie jedwali lililosahihishwa kutoka saraka ya cis ndani ya /lib/firmware.

CARDBUS ni kwa kadi za biti 32. Yenyewe haina m, ni y au kuiacha.

YENTA ndiyo draiva ya daraja lenyewe. Karibu kila kompyuta mpakato yenye tundu la CardBus ina daraja linalofuata mpangilio wa Yenta, iwe chipu ni ya Texas Instruments, Ricoh, O2Micro, ENE au Toshiba. Weka m. Chini yake kuna chaguo ndogo za kila kampuni, kama YENTA_TI na YENTA_RICOH. Hazionekani mpaka uwashe EXPERT, na zenyewe zimewashwa tayari. Ziache zilivyo. Sioni faida ya kuzizima ili kuokoa kilobaiti chache, kwani ndizo zinazorekebisha kasoro za chipu mojamoja.

Nje ya hizo kuna PD6729 na I82092 kwa madaraja yaliyo kwenye PCI lakini si ya Yenta, na I82365 kwa mashine za ISA za kabla ya CardBus. Washa mojawapo ikiwa tu unajua una chipu hiyo.

Nimesema m karibu kila mahali, na nina sababu. Draiva ya daraja ikiwa moduli, unaweza kuitoa na kuirudisha ikiwa na vigezo tofauti bila kuzima kompyuta. Ikijengwa ndani, kila jaribio linadai kuwasha upya. Hali moja tu inabadilisha ushauri huu: mfumo wako ukiwa unawaka kutoka kwenye diski iliyo ndani ya kadi. Hapo weka y kwa daraja na kwa draiva ya diski, au uhakikishe zote zimo kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka).

Anayependa kuandika kuliko kuzunguka kwenye menyu atumie:

```
scripts/config --module PCCARD --module PCMCIA --enable PCMCIA_LOAD_CIS \
  --enable CARDBUS --module YENTA
make olddefconfig
grep -E 'PCCARD|PCMCIA|CARDBUS|YENTA' .config
```

Mstari wa mwisho si wa pambo. Amri ya scripts/config haiangalii utegemezi. Chaguo likikosa linachokitegemea, olddefconfig hulifuta kimyakimya, na utakuja kujua baada ya saa nne za ujenzi.

Hatua ya 5: Ongeza draiva ya kadi yenyewe

Kwa CardBus, sahau kwamba ni kadi ya tunduni. Jiulize tu ndani yake kuna chipu gani. Kadi nyingi za mtandao wa waya zina chipu ya Realtek, draiva yake ni 8139too. Wi-Fi za Atheros za enzi hiyo hutumia ath5k, na uzuri wake hazihitaji faili la fimuwea (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe). Za Broadcom hutumia b43, ambayo inalihitaji. Kadi za kuongeza matundu ya USB 2.0 hutaka ehci-pci pamoja na ohci-pci. Wengi huweka ehci peke yake kisha kipanya kinakataa, kwa sababu vifaa vya mwendo wa chini hupitia ohci. Kadi za FireWire hutumia firewire-ohci.

Kwa kadi za biti 16, draiva zina majina yanayoishia na _cs, nazo zimetawanyika kwenye menyu za aina zao: pcnet_cs kwa kadi nyingi za mtandao zinazofanana na NE2000, na serial_cs (chaguo SERIAL_8250_CS) kwa modemu na bandari za serial. Kadi ya CompactFlash ndani ya kibadilishi inataka PATA_PCMCIA. Maelekezo ya zamani bado yanataja ide-cs. Hiyo iliondoka pamoja na mfumo mzima wa zamani wa IDE kwenye toleo la 5.14, usiitafute.

Kama daraja limeshafanya kazi na kadi inaonekana ila hujui draiva yake, kadi itakuambia yenyewe:

```
modprobe -R "$(cat /sys/bus/pcmcia/devices/0.0/modalias)"
```

Hiyo ni kwa biti 16, na 0.0 maana yake tundu la kwanza, kifaa cha kwanza. Kwa CardBus tumia njia ya /sys/bus/pci/devices na anwani uliyoiona kwenye lspci. Amri hii inatafuta tu kati ya moduli zilizopo kwenye diski, kwa hiyo iendeshe kwenye keneli ya distro yenye moduli nyingi, hata ile ya diski ya kuwashia ya majaribio.

Halafu ujenge. Ongeza alama yako kwenye LOCALVERSION, kwa mfano -kadi, ili moduli zako zisichanganyike na za keneli ya zamani:

```
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-kadi"
make -j$(nproc)
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install
```

Ujenzi ukisimama ukilalamikia cheti kisichopatikana, ni mabaki ya mpangilio wa distro. Andika `scripts/config --disable SYSTEM_TRUSTED_KEYS` na uendelee. Kama distro yako haisasishi menyu ya GRUB yenyewe, tumia `grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg`. Keneli ya zamani iache kwenye menyu.

Laptop ikiwa dhaifu, jenga kwenye mashine yenye nguvu kwa `make bindeb-pkg` kisha uhamishe vifurushi. Ikiwa laptop ni ya biti 32 na mashine ya kujengea ni ya biti 64, ongeza ARCH=i386 kwenye kila amri ya make, menuconfig ikiwemo. Ukisahau kwenye amri moja tu, mpangilio wote unageuka.

Hatua ya 6: Programu za upande wa mtumiaji

CardBus haihitaji chochote hapa. Kadi za biti 16 zinahitaji kifurushi cha pcmciautils. Ukikuta maelekezo yanayotaja cardmgr na pcmcia-cs, yafunge. Tangu keneli 2.6.13 ya mwaka 2005 kazi hiyo ilihamia kwenye keneli na udev (programu inayosimamia vifaa vinavyochomekwa), na pcmciautils ikachukua nafasi iliyobaki. Kifurushi hiki ndicho kinachoiambia keneli ni milango gani ya I/O na kumbukumbu ipi inaweza kugawiwa kadi, kikisoma /etc/pcmcia/config.opts:

```
include port 0x100-0x4ff, port 0xc00-0xcff
include memory 0xc0000-0xfffff
exclude irq 4
```

Faili hili fupi limegandisha kompyuta nyingi kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Keneli hupapasa kila mlango uliotajwa ili ijue kama uko huru, na kwenye laptop kadhaa kuna milango isiyotaka kuguswa. Dalili yake haifanani na nyingine. Kompyuta inawaka vizuri, mistari inapita, kisha mstari wa "cs: IO port probe" unatokea na kila kitu kinasimama, hata kitufe cha Caps Lock hakiwashi taa. Safu ya 0x800-0x8ff ina sifa mbaya hasa. Washa kompyuta kwa keneli isiyo na moduli hizo, fungua faili, ondoa safu inayotajwa kwenye mstari wa mwisho uliouona, au ongeza `exclude port 0x800-0x8ff`, kisha jaribu tena.

Hatua ya 7: Chomeka, usome

Washa keneli mpya, fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa keneli, na uiache wazi mbele yako. Sasa ingiza kadi taratibu mpaka uhisi imekaa. Mstari unaoutaka ni huu:

```
pcmcia_socket pcmcia_socket0: pccard: CardBus card inserted into slot 0
```

Kwa biti 16 utasoma "PCMCIA card inserted" badala yake. Baada ya hapo CardBus itaongezeka kwenye lspci, kwa kawaida kwenye namba yake ya basi kama 03:00.0, na ya biti 16 itaonekana kwa `lspcmcia` na `pccardctl ident`.

Amri hii ya mwisho imewakatisha tamaa wengi bure. Ukiwa na CardBus, `pccardctl ident` hujibu "no product info available". Hilo si kosa. Taarifa inayosomwa pale ni ya kadi za biti 16 tu. Tumia `pccardctl status`, itakuambia "3.3V CardBus card", kisha uende lspci.

Ikikataa

Isome dalili kwa mpangilio ule ule: daraja, umeme, nafasi, draiva.

Hakuna mstari wowote ukichomeka. Daraja halisikii. Rudi nyuma kwenye dmesg utafute "no PCI IRQ, CardBus support disabled for this socket". Ukiukuta, daraja halikupewa namba ya IRQ, na ujumbe wenyewe unakuelekeza kwenye BIOS na ACPI (mfumo wa kusimamia umeme na vifaa). Ikiwa unawasha kwa acpi=off, ondoa neno hilo kwanza kabla ya kujaribu lolote jingine.

"unable to apply power". Kadi imeonekana lakini haikupata umeme. Toa kadi, angalia kama kuna pini iliyopinda ndani ya tundu kwa kumulika kwa tochi, puliza vumbi, jaribu tundu la pili kama lipo. Hapa ndipo kadi yenyewe, au tundu, inaweza kweli kuwa mbovu.

Ujumbe kwamba basi fulani "is hidden behind transparent bridge". BIOS iligawa namba za mabasi vibaya, kadi iko nyuma ya ukuta. Ongeza `pci=assign-busses` kwenye vigezo vya kuwashia. Ni moja ya marekebisho yanayofanya kazi papo hapo, na inasikitisha ni watu wangapi wamenunua kadi ya pili kabla ya kuusoma mstari huo.

Kadi inaonekana, draiva inalalamika kukosa kumbukumbu au milango. Keneli hutenga baiti 256 za I/O na megabaiti 64 za kumbukumbu kwa dirisha la CardBus. Kadi yenye vifaa vingi ndani inaweza kutaka zaidi, hivyo jaribu `pci=cbiosize=4K`. Mashine nyingine zina shida ya kinyume, megabaiti 64 hazipatikani, na kuzipunguza kwa cbmemsize ndiko kunakosaidia. Vigezo vyote vya pci= huandikwa pamoja vikitenganishwa kwa mkato.

Inafanya kazi, kisha inakwama au inapoteza data. Kwa madaraja ya Texas Instruments na Ricoh kuna kigezo kimoja cha kujaribu kabla ya vyote:

```
sudo modprobe -r yenta_socket
sudo modprobe yenta_socket disable_clkrun=1
```

Ikipona, andika `options yenta_socket disable_clkrun=1` kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d. Kama draiva iliganda mara tu inapopakiwa, jaribu isa_probe=0, inayozuia kupapasa IRQ za ISA. Na kwa O2Micro kuna o2_speedup, inayokubali on au off.

ExpressCard

Keneli haina mfumo maalumu wa ExpressCard, na hiyo ni habari njema. Kadi inayotumia laini ya USB hutokea kwenye lsusb kama fleshi yoyote, bila kugusa mpangilio wowote. Iliyobaki ni ile ya PCI Express, na yenyewe inataka jambo moja tu: keneli iwe tayari kupokea kifaa cha PCI wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi.

```
scripts/config --enable PCIEPORTBUS --enable HOTPLUG_PCI \
  --enable HOTPLUG_PCI_PCIE --enable HOTPLUG_PCI_ACPI
make olddefconfig
```

Washa zote mbili za mwisho. Kompyuta nyingine hushughulikia uchomekaji kupitia ACPI, nyingine kupitia mlango wa PCI Express wenyewe, na BIOS ndiyo inayoamua. Zote ni y tu, hazina moduli.

Jaribio la haraka ni hili. Zima kompyuta, chomeka kadi, washa. Ikionekana kwenye lspci lakini haionekani ukiichomeka kompyuta ikiwa imewaka, kadi na draiva ni nzima, tatizo ni taarifa ya uchomekaji. Iamuru keneli itafute upya:

```
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan
```

Ikitosha, unaweza kuridhika na hapo. Usiporidhika, jaribu `pcie_ports=native` kwenye vigezo vya kuwashia, inayoichukulia kazi hiyo keneli hata kama BIOS haikuitoa. Ijaribu ukiwa umehifadhi kazi zako, maana BIOS isiyokubali inaweza kugombania vifaa na keneli. Kadi inayoonekana lakini inapotea baada ya dakika chache za utulivu, hasa za diski za eSATA, mara nyingi hutulia kwa `pcie_aspm=off`.

Kuichomoa

Kwa PC Card na CardBus, shusha kwanza kinachoitumia: ondoa diski kwa umount, zima kiolesura cha mtandao. Kisha:

```
sudo pccardctl eject 0
```

Baada ya hapo ndipo ubonyeze kitufe cha pembeni. Ukitaka kuirudisha bila kuigusa, ni `pccardctl insert 0`, na ni njia nzuri ya kuiwasha upya kadi iliyozubaa. Kwa ExpressCard ya PCI, andika 1 kwenye faili la remove la anwani yake:

```
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:05:00.0/remove
```

Na kabla ya kuilaza kompyuta kwa mara ya kwanza ikiwa na kadi ndani, hifadhi kazi yako yote, ilaze, iamshe, uangalie dmesg. Draiva kadhaa za kadi hizi huamka zikiwa zimesahau kila kitu. Ikitokea hivyo, weka `pccardctl eject` kwenye skripti ya kabla ya kulala na `pccardctl insert` kwenye ya baada ya kuamka. Kwa mashine zinazotumia systemd, skripti hizo hukaa /usr/lib/systemd/system-sleep, nazo hupewa neno pre au post ili zijue ni wakati gani.